Vyoo vya Njia ya Kyamaizi

Kila asubuhi, kabla sijanywa maji, nayanusa kwanza. Nafungua bomba la uani hapa kwangu Kitendaguro, Bukoba, nakinga kikombe, nakipeleka puani, nafumba macho. Mjukuu wangu Adela, anayekaa nami ili awe karibu na shule, ameshanizoea, lakini wageni wakiniona hujifanya wanatazama migomba. Najua wanachosema wakishatoka. Waseme tu. Natafuta harufu ya dawa, ile klorini kali inayowasha pua na kubaki kooni. Wenzangu maji yakinuka dawa hununa, ati yanaharibu chai. Mimi nikiipata harufu hiyo narudi kijijini kwetu Izigo wakati wa masika, nikiwa darasa la tatu, na natamani nibaki huko huko nisirudi. Siku hizi siipati mara nyingi.

Nyumba yetu Izigo ilikuwa ndani ya kibanja. Kwa asiyejua, kibanja ni shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, hata mgeni husikia sauti za watu kabla hajaliona paa. Ardhini tulitandaza nyasi za kuilisha migomba, kwa hiyo ukitembea humo miguu haikutoa sauti, na mvua ikianza ulisikia kwanza majani ya juu yakipigwa, ukangoja, ndipo tone likakufikia shingoni. Mibuni ikichanua, kijiji kizima kilinukia utamu mpaka kichwa kikauma. Ndani ya nyumba Mae alitandika sakafuni nyasi mbichi zilizokatwa nyikani, nasi tulilala tukizinusa. Mae ndivyo tulivyomwita mama, na baba tulimwita Tata. Walikuwa wakulima, Wakatoliki wa misa ya kwanza, na watoto tuliokuwa nyumbani wakati ule tulikuwa wawili: mimi na mdogo wangu Deo, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito. Kuku wote kwake walikuwa "tutu", na kuku walikuwa ndio marafiki zake wakubwa.

Maji tulichota Kyamaizi, chemchemi iliyotoka chini ya mwamba bondeni. Njia kubwa ya kijiji iliteremka mpaka huko, na jioni tukitoka shule watoto wote tulikutana pale. Kyamaizi ilikuwa na adabu zake. Ole wako utumbukize chombo chenye masizi. Palikuwa na kata ya kibuyu iliyotundikwa mtini, kata ya watu wote, unachota na kuirudisha mahali pake. Kunawa miguu juu ya mwamba hakukuruhusiwa, kufua ndiyo usiseme. Mtoto aliyevunja adabu hizo alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu, na akienda kushtaki nyumbani anaongezewa. Maji yake yalikuwa baridi ya kuuma meno. Tulijaza madebe, tukaweka jani la mgomba juu ili yasimwagike, tukajitwika na kupanda kilima tukihema na kutaniana. Deo naye alikuwa na kibuyu chake, kidogo cha kuenea kiganjani, Tata alichomtengenezea. Alikijaza Kyamaizi, akapanda nacho akijimwagia tumboni njia nzima, na tukifika nyumbani kilikuwa kimebaki na funda moja tu. Funda hilo alimpelekea Mae. Mae aliacha alichokuwa anafanya, akalinywa lote, akasema, "Wakola muno," yaani ahsante sana, na Deo akaondoka akitembea kama mwenyekiti wa kijiji.

Hiyo ndiyo miaka ya ujamaa. Sisi hatukuhamishwa kama ndugu zetu wa mikoa mingine, maana tulikuwa tumeshabanana tayari. Serikali ilitukuta pale pale na vibanja vyetu, ikatuita kijiji. Tukawa na shamba la pamoja kule nyikani, tukawa na nyimbo za kuimba shuleni, na jioni watu wazima walikusanyika kwenye redio ya mwalimu kusikiliza habari za mbolea, za mbu na za vyoo. Hivyo vyoo ndivyo vilivyotuletea Bwana Yakobo. Alikuwa bwana afya, kijana mrefu wa kutoka Kigoma, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikakata, soksi mpaka magotini, na baiskeli aliyoifuta kila aliposimama. Kihaya alijua salamu tu, nayo aliikosea, tukampenda kwa hilo. Alihubiri choo kama padri anavyohubiri ubatizo.

Sasa, vyoo tulikuwa navyo, ila kwetu choo ni jambo la siri. Mkwe hatakiwi kumwona mkwewe akielekea huko, na mgeni hajui kilipo mpaka aulize kwa kunong'ona. Kwa hiyo kila mtu alichimba chake mbali, ukingoni kabisa mwa kibanja, upande wa pili wa kilima, ndani ya migomba minene. Bwana Yakobo alikuwa na vijiji vingi vya kukagua na baiskeli moja. Kila alipoomba kuonyeshwa choo, wenye nyumba walimzungusha kwa aibu humo kibanjani, nyasi zikiteleza na viatu vyake vikijaa tope, mpaka uvumilivu ukamwishia. Siku moja alisimama njiani na baiskeli yake akatangaza, nami nilikuwepo: "Choo nisichokiona toka hapa njiani, kwangu mimi hakipo!" Na asiye na choo angeongezewa zamu za kulima shamba la pamoja.

Mawe, kama tunavyosema Wahaya tukishangaa! Watu walichimba. Kabla mwezi haujaisha njia ya Kyamaizi, ambayo ndiyo aliyopita na baiskeli, ilikuwa na vyoo pande zote mbili kama vibanda vya mnadani. Vya zamani vilibaki kule kule kwa ajili yetu, na hivi vipya tukaviita vya serikali. Na kwa kuwa Mhaya hawezi kuona kitu kizuri kwa jirani akalala, yakawa mashindano. Huyu kasuka mlango wa matete, yule kapaka chokaa, mwingine kapanda maua mlangoni. Tata alikuwa na mikono ya ufundi, naye kushindwa hakutaka. Chake alikijenga cha duara, paa la nyasi mpaka chini, kama msonge wa wazee wetu ila mdogo. Kilikuwa cha mwisho kabla ya chemchemi, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kuteka maji bila kukisifu. Jirani yetu Ma Paulina, mjane ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alisimama mbele yake na debe kichwani akacheka mpaka akajilowesha. "Ta Anatoli," alimwambia Tata, "choo hiki mtu anaingia na viatu, au anavua mlangoni?" Kwenye mkutano wa kijiji Bwana Yakobo alikitolea mfano, Tata akapigiwa makofi, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima. Mwanzoni vilikuwa vya kutazamwa tu. Baadaye wakaanza kuvitumia wanafunzi, wageni wa harusi, watu wanaotoka mnadani. Mwisho tukavitumia na sisi, maana nani angehangaika kukata kibanja kizima wakati nyumba nzuri hivyo imesimama hapo njiani?

Halafu masika yakaja, tena yakaja na hasira. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha mchana, nyasi za kibanjani zikawa sifongo, na njia ya Kyamaizi ikawa mto mdogo. Maji ya chemchemi yakabadilika rangi. Hatukushtuka sana, kwa kuwa kila masika yalikuwa na tope kidogo. Tuliyaacha debeni yatulie, tukamimina ya juu, tukanywa. Shuleni madawati yakaanza kuwa na mapengo, ukiuliza unaambiwa fulani anaharisha. Kisha Deo naye akaanza. Aliamka akiwa sawa, akawafukuza kuku wake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amelala mapajani kwa Mae, amelegea. Alikuwa na kiu, maskini. Alikataa kikombe, akataka kibuyu chake, kwa hiyo mimi nilikuwa nakijaza kutoka debeni na Mae anamnywesha. Anakunywa, anaharisha, anaomba tena. Tulimpa maji yale kwa mapenzi yote tuliyokuwa nayo. Nikilikumbuka hilo hata sasa huwa naacha kazi niliyoshika, nakaa chini.

Tata alimfunika blanketi akambeba hadi zahanati, mimi na Mae tukimfuata nyuma na mvua ikitupiga. Tulikuta watoto wamelazwa mpaka barazani, wawili wawili kwenye mkeka, na mganga hajui aanzie wapi. Deo alitundikiwa maji ya dripu. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na mganga alipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama. Alasiri akafumbua macho. Kuku alikuwa amejibanza mlangoni akikwepa mvua, Deo akamwona, akasema, "Tutu." Mae akacheka kwa sauti, watu wakageuka kutazama, na Tata akatoka nje haraka ili tusimwone akilia. Tulijua amerudi. Jua lilipokuwa linazama alikuwa amekwisha kufa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, kibanjani. Hakuwa mtoto pekee kufa masika yale, na kila penye msiba watu walikuwa wananong'ona. Kwetu waliokuja kufariji walikaa uani juu ya majani makavu ya migomba, na minong'ono ikaja nao. Nani aliyemlisha? Alikula nini, kwa nani? Ikakumbukwa kwamba siku moja kabla hajaugua, Ma Paulina alimpa ndizi mbivu. Basi ikatosha. Mwanamke yule aliyekuwa akichekesha kijiji kizima nilimwona amekaa peke yake karibu na jiko, wenzake wamesogea pembeni, na chakula alichopakua yeye hakikuguswa. Mae mwenyewe alipita mbele yake na bakuli bila kumtazama. Tata hakusema lolote kwa yeyote. Niliogopa, kwa sababu nilijua akianza kusema atamtaja mtu, na huyo mtu hatakaa tena Izigo.

Matanga hayajaisha, Bwana Yakobo akaingia uani. Alikuja kwa miguu, soksi zimeshuka, viatu vimekuwa matope matupu. Alipewa kigoda akakataa, akakaa chini kwenye majani pamoja na wanaume. Akaletewa kahawa ya kutafuna, ile tunayompa kila mgeni anayeingia kwa heri, akaipokea kwa mikono miwili lakini hakuitia mdomoni. Akasema kuna neno la kusema kwanza. Alisema kwa Kiswahili, na mwalimu wetu akamtafsiria kipande kwa kipande.

"Mtoto huyu hakulishwa kitu na mtu," alisema. "Nimetoka Kyamaizi. Nimepanda nikiyafuata maji ya mvua mpaka yanakotoka. Yanapita kwenye vyoo vya njiani, yanaingia kwenye chemchemi. Na vyoo hivyo mliviweka pale kwa sababu mimi niliwaambia nivione toka njiani. Nilitumwa kuwalinda, nikaogopa kuchafua viatu. Kosa ni la serikali, na serikali iliyokuja hapa kwenu ni mimi."

Maneno ya mwisho mwalimu aliyatafsiri mara mbili. Tata akainuka, na wanaume wengine wawili wakainuka pamoja naye, kwa kuwa kila mtu aliona kinachokuja. Tata alikuwa mtu wa nguvu. Alikwenda akasimama mbele ya Bwana Yakobo, na Bwana Yakobo hakuinuka, hakukinga uso, alibaki vile vile ameshika kahawa ya watu mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya shangazi yangu kwa meno. Mwisho Tata akasema, kwa Kiswahili chake kibovu cha kuazima, "Tafuna kahawa." Akarudi akakaa.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama siku ile alimsamehe. Akaniambia hapana, kusamehe kulikuja baadaye sana. Siku ile alikuwa tu ameshukuru kumjua mtu wa kumkasirikia, kwa sababu tangu Deo afe alikuwa anajikasirikia yeye mwenyewe na choo chake kizuri, na jirani zake wote mmoja mmoja. Lakini Mae hakungoja. Kahawa ilipotafunwa, aliinuka akakatiza ua mzima mbele ya macho ya watu, akaenda kukaa ubavuni mwa Ma Paulina, akachota chakula kwenye sahani yake akala. Ma Paulina, ambaye sijawahi kumwona amekosa la kusema, alilia kama mtoto.

Kesho yake Bwana Yakobo alirudi na jembe. Walianza na choo cha Tata, wao wawili, wakaliteremsha lile paa la duara na kufukia shimo kwa majivu na udongo. Kisha wakahamia cha jirani. Alilala kwa mwalimu mpaka vyote vya njiani vikaisha, na viatu aliviacha huko huko kwa mwalimu. Aliingia kibanja baada ya kibanja peku, akaonyeshwa vyoo vile vya siri, na wakwe wakaona haya wakazoea. Aliwasumbua wakubwa wake wa wilayani mpaka likaja lori la mapipa ya maji, na baadaye saruji ya kujengea chemchemi. Siku ile ya mapipa ndipo alipofungua kopo la dawa. Harufu ilitoka ikapanda kilima, kali, ngeni, ikazima harufu ya kahawa na ya nyasi. Kina mama walirudi nyuma. Baada ya yote yale, nani angewalaumu? Bwana Yakobo akachota kata nzima kwenye pipa, akainywa yote mbele yetu, machozi yakimtoka kwa ukali wa dawa. Akamkabidhi kata Mae, Mae akanywa, akanipa mimi. Yalikuwa machungu na yaliniwasha pua mpaka machoni. Lakini nakuambia kweli, tangu Deo afe ile ndiyo mara ya kwanza nilijisikia kwamba kuna mtu anatulinda. Kila alipopita baada ya hapo, hata saruji ilipokwisha kukauka na bomba kuwekwa, alianza kwa kunusa na kunywa yeye kwanza, ndipo watoto tukapanga mstari.

Baadaye alihamishwa, na sikusikia tena habari zake. Mimi nilikua, nikaolewa Nyanga, nikawa fundi cherehani mjini Bukoba, na sasa ni mjane mwenye bomba lake mwenyewe uani. Siteremki bondeni na debe, namshukuru Mungu. Msinielewe vibaya nikisema naitamani Izigo. Kyamaizi ninayoitamani ndiyo iliyomwua mdogo wangu, na serikali ninayoitamani ndiyo iliyoipeleka sumu huko kwa mdomo wa kijana mwenye soksi safi. Najua. Naitamani hivyo hivyo.

Masika yaliyopita maji ya bomba letu yalitoka ya kahawia, yana uvundo. Niliyachemsha, nikayachuja kwa kitambaa, na bado Adela aliugua, pengine aliyanywa kwa mwenzake, pengine shuleni. Nilimshika mkono usiku kucha nikimfinya ngozi, nikitazama kama inarudi. Ilirudi. Alipopata nafuu nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda ofisi ya maji kuuliza. Kijana akanipa shikamoo na kiti. Akasema mabomba ya mtaa wetu si yao, ni ya wenzao. Wenzao wakasema waliopasua bomba ni waliochimba barabara. Wa barabara wakanirudisha kwa yule yule wa kwanza, akanishauri kwa upole kwamba wananchi tuchemshe maji. Mezani pake palikuwa na chupa ya maji ya dukani. "Tutalifanyia kazi, mama," akasema, na akanisindikiza mpaka mlangoni. Hakuna aliyenitukana wala kunikaripia, wote walikuwa watoto wenye adabu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira kifuani na sina pa kuitua, nikamwelewa Tata.

Nilipofika maji yalikuwa yametakata. Nikakinga kikombe, nikafumba macho, nikanusa. Adela alikuwa amekaa kizingitini, bado hana nguvu, amejifunika kanga yangu.

"Bibi," akasema, "kwani huwa unatafuta nini humo?"

Siku zote nilikuwa namjibu kwamba natafuta dawa. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikamwambia ukweli. "Bwana afya," nikasema. "Namtafuta bwana afya."

Hakucheka. Alijikokota akaja, akakichukua kikombe mikononi mwangu, akanusa kwa muda mrefu, kwa makini kama ninavyofanya mimi.

"Hayupo, Bibi," akasema, akanirudishia.